Shabaha ya Mbali

Je, mtu anayemwua mnyama kwa mbali, kwa nguvu ya hesabu na kioo, hutenda jambo lile lile alilotenda babu yake alipomwua mnyama huyo kwa mshale akiwa hatua ishirini tu? Wengi watajibu kwa haraka kwamba kufa ni kufa, na kwamba mnyama hapimi urefu wa safari ya risasi iliyomtoa roho. Jibu hilo lina sehemu yake ya kweli. Walakini swali halikuulizwa kwa ajili ya mnyama peke yake. Limeulizwa pia kwa ajili ya mtu, naye mtu ni kiumbe anayebadilika kwa kadiri ya vyombo anavyovishika. Nia yangu katika insha hii ni kulichungua swali hilo kwa mfano wa bweha wa nchi ya Ugogo, hasa wa wilaya ya Chamwino, kwa sababu huko bweha si mnyama wa hadithi. Ni jirani, na mara nyingine ni mwizi.

Chamwino iko katika uwanda wa juu wa kati wa Tanzania, na sehemu yake kubwa imeinuka juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,000 hivi. Mvua huanza karibu na Desemba, hukoma karibu na Aprili, kisha huja miezi saba ya ukavu. Uwele na mtama ukisha kuvunwa, na mabua yakisha kuliwa na ng'ombe, nchi hubaki wazi. Husalia mibuyu, migunga, vichuguu na vilima vya mawe. Mtu aliyepanda juu ya jiwe pande za Buigiri au Manchali katika mwezi wa Agosti aweza kuona kundi la mbuzi lililo mbali sana, akalitambua kwa vumbi lake kabla ya kulitambua kwa rangi zake. Ni nchi inayoyapa macho fursa kubwa kuliko miguu.

Katika nchi hiyo bweha mgongo-mweusi hupita asubuhi na jioni. Uzito wake ni kilo 6 hadi 13, yaani si mzito kuliko mbwa wa kawaida wa kijijini, na mara nyingi ni mwepesi kuliko yeye. Hula panya, panzi, mende, matunda na mizoga. Hula pia mwanambuzi akimpata amelala peke yake nyuma ya kichaka wakati mama yake anamalisha. Kwa mwenye mbuzi mia, mwanambuzi mmoja ni hasara ya kusimuliwa jioni moja ikasahauliwa. Kwa mjane mwenye mbuzi wanne, mwanambuzi huyo ni sare ya shule, madaftari, na fedha ya dawa mtoto akishikwa na homa. Mtu anayeandika juu ya haki za bweha bila kumkumbuka mjane huyo huandika akiwa ameshiba. Kwa hiyo tangu mwanzo nakiri kwamba mwenye mifugo ana haki ya kuilinda, na kwamba katika ulinzi huo damu yaweza kumwagika.

Zamani mlinzi wa kundi alikuwa na mkuki, upinde, rungu na mbwa. Baadaye likaja gobore, lenye kushindiliwa baruti mdomoni na kutiwa vipande vya chuma, ambalo lilikuwa na kelele nyingi kuliko shabaha. Siku hizi mwenye kibali na mwenye fedha aweza kumiliki bunduki yenye mifuo ndani ya mtutu, inayoizungusha risasi ili iende bila kuyumba. Juu ya bunduki hiyo hufungwa darubini yenye nyuzi mbili zilizopandana msalaba. Na kama hajui hesabu, simu yake ya mkononi yaweza kubeba programu ya kumhesabia. Bunduki za namna hiyo si nyingi vijijini, wala sisemi kwamba kila kilima cha Chamwino kina mtu aliyelala kifudifudi akichungulia kioo. Lakini zipo nchini, na elimu yake haina mpaka. Basi yafaa tuijue elimu hiyo ni kitu gani kabla ya kuihukumu.

Risasi haiendi sawasawa kama watu wanavyodhani. Tangu inapotoka mdomoni mwa mtutu, ardhi huivuta kama inavyolivuta embe lililokatika kikonyo. Chukua risasi ya kawaida ya uwindaji inayotoka kwa mwendo wa mita 800 kwa sekunde. Ifikapo mita 300, imekwisha kushuka chini ya mstari wa mtutu kwa kadiri ya sentimita 80. Ifikapo mita 600, imeshuka zaidi ya mita tatu, yaani zaidi ya urefu wa mlango wa nyumba. Umbali umezidi mara mbili, lakini anguko limezidi zaidi ya mara nne, kwa kuwa risasi hukaa hewani muda mrefu zaidi, na hewa huipunguzia mwendo njia nzima. Mlengaji wa mbali basi hamlengi mnyama. Huulenga mtutu wake mahali patupu juu ya mnyama, akitumaini kwamba hesabu itaishusha risasi mahali panapotakiwa.

Tena kuna upepo. Wenyeji wa Dodoma hawahitaji kufundishwa juu ya upepo. Katika miezi ya ukavu huvuma toka mashariki na kusini-mashariki mchana kutwa, na visulisuli husimama vyekundu mashambani kama nguzo. Upepo wa wastani unaokata njia ya risasi, wa mita nne au tano kwa sekunde, waweza kuisukuma kando kwa kadiri ya mita moja katika safari ya mita 600. Na upepo wenyewe si mmoja. Ulio mkononi mwa mlengaji si ule ulio katika korongo katikati ya njia, wala si ule unaotikisa majani alipo mnyama. Mlengaji hodari hutazama vumbi, majani makavu na mtetemeko wa joto ndani ya kioo, kisha hukadiria. Neno hilo, kukadiria, tuliweke akilini, maana tutalirudia.

Hata urefu wa nchi una sehemu yake. Hewa ya uwanda wa juu ni nyepesi kuliko hewa ya pwani, kwa hiyo huizuia risasi kidogo kuliko ile ya pwani. Jedwali lililotungwa kwa hewa ya Bagamoyo litamdanganya mtu wa Chamwino, na kosa hilo huongezeka kwa kila mita. Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu naiheshimu elimu hii. Ni elimu ya kweli, yenye uzuri wake, na aliyeipata kwa bidii hakupata upuuzi.

Mwanzo wake katika vitabu una kisa kinachotuhusu. Mwaka 1512 askari wa Kifaransa waliuteka mji wa Brescia katika nchi ya Italia, na mtoto mmoja maskini akakatwa kwa upanga taya na kinywa. Alipona, lakini usemi wake ulibaki wa kigugumizi, akaitwa Tartaglia, maana yake mwenye kigugumizi. Mtoto huyo alikua akawa bingwa wa hesabu, na mwaka 1537 akatoa kitabu cha kwanza mashuhuri kuhusu mwendo wa mizinga kwa njia ya hesabu. Katika utangulizi wa kitabu hicho anaeleza kwamba kazi hiyo ilimtia haya. Aliiona kuwa ni ya kulaumiwa na ya ukatili, kumfundisha binadamu namna bora ya kumwangamiza mwenzake, hata akazichana na kuzichoma karatasi zake. Kisha habari za kuja kwa majeshi ya Waturuki zikamfanya abadili nia, akaona si halali kuficha elimu hiyo. Kitabu kikatoka. Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1638, akaonyesha umbo la njia ya kitu kilichotupwa, na Mwingereza Benjamin Robins akaonyesha mwaka 1742 jinsi hewa inavyoizuia risasi kwa nguvu ambayo wengi hawakuidhania.

Watu humcheka Tartaglia kwa kuwa toba yake haikudumu. Mimi simcheki. Naona tu kwamba swali lake halikujibiwa; hofu ililisukuma kando. Aliuliza kama ni halali kuifundisha elimu hii, akajibiwa na habari za vita kwamba ni lazima. Halali na lazima si kitu kimoja. Na swali lake, ambalo lilihusu watu na mizinga, linatujia sisi katika umbo dogo na la amani zaidi, kuhusu mtu mmoja, bunduki moja, na mnyama wa kilo kumi.

Wapo wanaotetea shabaha ya mbali, na hoja yao ina nguvu kuliko wapinzani wao wanavyopenda kukubali. Husema hivi: mtazame bweha aliyepigwa kwa gobore. Vipande vya chuma vimemwingia mguuni na tumboni. Hakufa. Amekimbia, na atakufa baada ya siku tatu ndani ya shimo, inzi wakiwa wametangulia. Mtazame aliyenaswa kwa kitanzi cha waya, au aliyelishwa mzoga uliotiwa sumu. Sumu hiyo haikomi kwake, huwaua tai na mbwa wa majirani pia. Kisha mtazame bweha aliyepigwa na mtu ajuaye mwendo wa risasi. Risasi imetangulia mbele ya sauti yake, maana sauti huenda mita 340 kwa sekunde tu. Mnyama hakusikia kitu, ameanguka mahali aliposimama. Kati ya hawa wawili, ni nani aliyetendewa kwa huruma? Na kama ni huyu wa pili, je, elimu si sehemu ya huruma? Kama ndivyo, asiyejifunza na akapiga ana hatia kubwa kuliko aliyejifunza.

Naikubali hoja hiyo kwa moyo mmoja hadi mahali fulani. Ni kweli kwamba ujinga wenye bunduki ni ukatili hata ukiwa na nia njema. Mtu anayekusudia kuua hana budi kujua chombo chake kinafanya nini. Lakini angalia hoja hiyo imesimama juu ya nini. Imesimama juu ya risasi iliyofika. Inamlinganisha gobore aliyekosea na mlengaji asiyekosea. Tukitaka kuwa na insafu hatuna budi kuuliza pia: mlengaji wa mbali anapokosea, hukosea vipi, na ni nani anayelipa kosa lake?

Hapa ndipo neno lile la kukadiria linaporudi. Sehemu ya kifua cha bweha ambamo risasi huua papo hapo si kubwa kuliko kiganja cha mkono kilichokunjuliwa. Katika mita 100 kosa dogo la upepo si kitu. Katika mita 600, aliyekadiria upepo wa mita nne kumbe ni wa mita tano, amekosea kwa sentimita ishirini hivi, na sentimita ishirini kutoka moyoni ni tumbo, au nyonga, au taya. Katika daftari la mlengaji kosa hilo ni tarakimu ya kusahihisha. Atageuza kidude cha darubini kidogo, atapiga tena. Kwa bweha si tarakimu. Faida yote ya mchezo iko upande mmoja, na gharama yote ya kosa iko upande wa pili, kwa kiumbe ambaye hakuulizwa kama yu tayari kuibeba.

Na liko jambo jingine ambalo hesabu haiwezi kuliingiza katika jedwali lolote. Risasi huchukua sekunde moja hivi kufika mita 600. Katika sekunde hiyo bweha anayetembea polepole amekwenda zaidi ya mita moja. Aliyesimama aweza kugeuka kwa kusikia panya katika majani. Ardhi huvuta daima kwa namna moja, na upepo, ingawa ni kigeugeu, una sababu zake. Lakini kugeuka kwa bweha ni jambo lake mwenyewe. Mwindaji wa mshale aliyemkaribia hatua ishirini alimpa mnyama nafasi ndogo sana ya kuamua. Mlengaji wa mbali humpa sekunde nzima, si kwa ukarimu bali kwa kuwa hana njia ya kuiondoa. Nadhani hapa ndipo elimu inapokoma kuwa huruma na kuanza kuwa bahati nasibu. Sisemi mpaka huo uko mita ngapi, kwa kuwa si mmoja kwa watu wote, wala kwa siku zote. Asubuhi tulivu ya Machi si adhuhuri ya Agosti. Lakini mpaka upo, na mlengaji mwenyewe anaujua kuliko mtu mwingine yeyote. Anajua ni wapi hukoma kusema nitampata na huanza kusema huenda nikampata.

Mpaka sasa nimesema juu ya risasi. Nataka kusema juu ya kioo, maana kwa maoni yangu kioo kina jambo zito zaidi.

Neno darubini limetujia toka lugha ya Kiajemi, ambamo *dur* ni mbali na *bin* ni kuona. Kioo hicho kinafanya sawasawa na jina lake. Huleta karibu sura, na sura peke yake. Hakileti harufu, wala sauti, wala nyayo, wala habari za jana. Aliyemfuata bweha kwa miguu, akasoma nyayo zake toka zizini hadi shimoni, akaona manyoya ya mwanambuzi mlangoni, huyo amefanya upelelezi. Anayemwona ndani ya kioo ameona bweha. Hakuona mwizi. Hizo ni habari mbili tofauti, na umbali una tabia ya kuzichanganya.

Katika kitabu cha Kalila na Dimna, ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu katika karne ya nane, Kalila na Dimna wote wawili ni bweha. Dimna alimchongea fahali kwa simba hata simba akamwua. Wataalamu wengi husema kwamba Ibn al-Muqaffa aliongeza mlango mzima ambao Dimna anashtakiwa, anajitetea, na ushahidi unatafutwa kabla ya kuhukumiwa. Yaonekana mwandishi hakuridhika kwamba hata bweha mchongezi, ambaye kila msomaji ameshuhudia hatia yake, afe bila kesi. Ni mfano wa hadithi, nami siufanyi kuwa sheria ya machungani. Lakini unaonyesha kwamba fikira ya kumpa bweha haki ya kuulizwa hatia yake si kioja cha watu wa siku hizi.

Na tukiuliza nani alimla mwanambuzi, wataalamu wa wanyama wana neno la kutusaidia. Bi Patricia Moehlman aliwachunguza bweha katika Serengeti tangu miaka ya 1970, na mwaka 1979 alieleza kwamba dume na jike hukaa pamoja katika eneo lao, na kwamba baadhi ya watoto wao wakubwa hawaondoki mara moja. Hubaki mwaka mwingine wakiwasaidia wazazi kulisha na kulinda wadogo zao, na kadiri wasaidizi walivyo wengi ndivyo wadogo wengi zaidi wanavyopona. Bweha anayeonekana katika kioo akikimbia kwa haraka mdomo umejaa, huenda amebeba panya kumpelekea nduguye. Huenda pia amebeba mguu wa mwanambuzi. Katika mita 600 tofauti haionekani daima, na mwenye kidole juu ya kifyatulio ana hamu ya kuona anachotaka kukiona.

Mzee mmoja mfugaji wa pande za Mvumi, ambaye nilimwamkia Mbukwenyi na kuketi naye chini ya mbuyu, nilimwuliza habari za bunduki hizo. Alicheka kidogo.

"Mwanangu," akasema, "bweha mla mbuzi hapatikani mbali. Yuko karibu, usiku, na anayempata ni yule asiyelala."

"Na hawa wanaowapiga kwa mbali, Mzee?"

"Hao humpata aliyekwenda kunywa maji."

Sikupata nafasi ya kumdadisi zaidi, kwa kuwa ng'ombe wake walikuwa wakirejea na mzee hakuwa mtu wa kukosa kuwahesabu. Lakini maneno yake yaliniingia kuliko vitabu kadhaa. Hakusema bweha asiuawe. Alisema kwamba mbali ni mahali pasipofaa kumtafuta mkosaji. Wagogo wa zamani walijenga tembe kwa umbo la kuzunguka ua, mifugo ikalala katikati, na milango ya watu ikaielekea. Nyumba hiyo ilikuwa ulinzi wenyewe. Kundi lilikuwa karibu na masikio ya mwenyewe usiku kucha. Leo tembe zimepungua, na nyumba za bati zimetawanyika, na mchungaji wa mchana yuko darasani, jambo ambalo ni jema kabisa. Lakini pengo aliloliacha ndilo bweha analoliingia. Zizi la miiba lililozibwa vizuri, wanambuzi waliofungiwa nyumbani wiki zao za kwanza, na mbwa mmoja mwenye bidii, huokoa mbuzi wengi kuliko risasi. Kazi hiyo haina sifa, na hakuna anayeihadithia.

Isidhaniwe kwamba naona kila risasi ya mbali kuwa dhambi. Bweha aingiaye kijijini mchana, asiyeogopa watu, anayetoa udenda na kuyumba, aweza kuwa na kichaa cha mbwa, na maradhi hayo dalili zake zikisha kumtokea binadamu karibu daima huua. Mtu mwenye bunduki na shabaha akimwona bweha wa namna hiyo karibu na uwanja wa shule, hana wajibu wa kumkaribia ili kupata heshima ya mwindaji. Ampige toka mahali penye usalama, na elimu yake yote iwe na baraka. Umbali hapo unawalinda watoto. Nalisema hili kwa ufupi kwa kuwa sidhani kuna atakayelipinga.

Umbali wa mchezo ni jambo jingine. Huko Marekani yuko mnyama wa ukoo wa bweha aitwaye koyote, na kumpiga kwa mbali kumekuwa burudani yenye vitabu vyake, vyombo vyake na ubingwa wake. Yamekuwako hata mashindano ya kuhesabu mizoga kwa zawadi, ambayo jimbo la California lilikataza zawadi zake mwaka 2014 na jimbo la Vermont likayapiga marufuku mwaka 2018. Watumishi wa serikali huko nao huua makumi ya maelfu ya koyote kila mwaka kwa ajili ya kulinda mifugo. Pamoja na hayo yote koyote, ambaye hapo kale alikuwa hasa wa nyika za magharibi na za katikati, katika karne ya ishirini alienea karibu bara zima la Amerika ya Kaskazini. Sisemi waliompiga walikuwa wajinga. Mfugaji wa kondoo wa huko ana machozi yake kama mjane wetu. Nasema tu kwamba kama shabaha ilikuwa kumpunguza, haikufikiwa.

Nimelitumia neno shabaha, na kama mwalimu wa lugha sina budi kusimama hapo kidogo. Shabaha katika Kiswahili ni kile kitu kinacholengwa; tena ni kusudi la mtu katika jambo analolitenda. Lengo nalo ni vivyo hivyo. Maana hizi mbili hukaa pamoja kwa amani katika kazi nyingi. Fundi anayeulenga msumari analenga pia mlango. Lakini katika risasi ya mbali zaweza kuachana kabisa. Kusudi lilikuwa kumlinda mwanambuzi. Baada ya muda kusudi likawa kumpata bweha. Baada ya muda likawa kupata mita 400, kisha 500, kisha 600. Bweha amebaki mahali pake kama shabaha ya macho, na kusudi limehama. Wala mtu haoni siku lilipohama, kwa kuwa kila hatua ilikuwa ni kujiendeleza katika elimu, na nani atamlaumu mtu kwa kujiendeleza? Angeweza kuyapata yote hayo, tarakimu zote na furaha yote, kwa kupiga kibao cha chuma kilichosimamishwa mahali halali chenye kilima nyuma yake. Kibao hulia kikipigwa, na kisipopigwa hakiendi kufia kichakani. Anayesema kwamba kibao hakitoshi, na atueleze ni nini hasa anachokikosa katika kibao. Jibu lake ndilo litakalofunua shabaha yake.

Sheria zetu hazikulala. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimwachi mtu kuwinda bila kibali, ingawa inatambua kuua kwa kulinda uhai au mali. Na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inasimamia nani aishike bunduki. Lakini sheria haiwezi kulala kifudifudi kando ya mlengaji juu ya jiwe na kumwuliza ana hakika kiasi gani. Hapo yuko peke yake na dhamiri yake, na kioo, na upepo.

Kwa maoni yangu kipimo anachoweza kukichukua huko si cha macho wala cha bunduki, bali cha miguu. Asipige mbali kuliko anapokubali kwenda kwa miguu mara moja baada ya kupiga, amepata au amekosa, akatazame alichokifanya. Mita 100 ni dakika moja na nusu ya kutembea. Mita 600 za Chamwino, pamoja na korongo moja, miiba ya migunga na jua la saa saba, ni robo saa, na katika robo saa bweha aliyevunjwa nyonga amekwisha jikokota hadi shimo la muhanga na kuingia. Mlengaji atalikuta tone la damu juu ya mchanga, au hatalikuta. Na mara nyingi asiyeliona tone huondoka akisema alikosa kabisa, nalo ni neno jepesi kulisema akiwa mbali.

Katika Serengeti bweha mgongo-mweusi huzaa zaidi katika miezi ya ukavu, toka Julai na kuendelea. Ni miezi ile ile ambayo katika Ugogo nchi iko wazi, majani yamekwisha, na kioo kinaona mbali kuliko wakati wowote wa mwaka. Mtu atakayeifuata damu hadi kwenye lile shimo katika mwezi wa Agosti, apige magoti kwanza, aweke sikio mlangoni, na asikilize kama kuna wengine ndani.